Mpira ukitoka katikati: kona yenye urari na isiyo na urari

Swali: Ninajifunza urubani katika uwanja wa Wilson, Nairobi, kwa ndege aina ya Cessna 172. Mkufunzi wangu huniambia kila mara nikanyage pedali ya upande ulioko mpira, ule mdogo ulio ndani ya bomba la kioo mbele yetu, nami hukanyaga, lakini sielewi sababu. Ikiwa ndege hupinda kwa kulala upande, miguu ina kazi gani? Na kwa nini nikiteleza kuelekea ndani ya kona hunirekebisha kwa upole, ilhali nikiserereka kuelekea nje kwenye kona ya mwisho ya kutua huninyang'anya usukani?

Jibu: Nitaanza na swali la kwanza, kwa kuwa la pili halijibiki bila hilo. Kitu chochote kilicho mwendoni hakiachi mstari mnyoofu na kufuata duara mpaka kipate kani inayokivuta kuelekea katikati ya duara hilo. Angani hakuna lami ya kushikwa na matairi, na kani kubwa pekee ambayo rubani anaweza kuielekeza atakako ni ile inayozalishwa na mabawa. Mabawa yakiwa sawa, kani ya kuinua huelekea juu moja kwa moja na kazi yake yote ni kubeba uzito. Ukiilaza ndege upande wa kushoto, kani hiyo nayo hulala, na tangu hapo hufanya kazi mbili kwa pamoja: sehemu yake huendelea kubeba uzito, na sehemu iliyobaki huivuta ndege kushoto. Sehemu hiyo ya pili ndiyo inayokata kona. Usukani wa mkia, ule unaouongoza kwa pedali za miguu, haukati kona. Ukiukanyaga huku mabawa yako sawa, utageuza pua tu, na ndege itaendelea kwenda ilikokuwa ikienda huku imeukabili upepo kwa ubavu, hadi hapo mgeuko wenyewe utakapoanza kuilaza.

Kazi hizo mbili zina gharama. Kwa kuwa sehemu ya kani imepelekwa pembeni, jumla yake lazima iongezeke ili ile inayobeba uzito isipungue, vinginevyo ndege itashuka. Ndiyo maana unavuta usukani wa mikono nyuma kidogo unapolala. Kwa mlalo wa nyuzi 30 bawa hubeba mara 1.15 ya uzito wa ndege, kwa nyuzi 45 mara 1.41, na kwa nyuzi 60 mara 2 kamili. Ile kasi ambayo chini yake bawa hupoteza kani yake, tunayoiita kasi ya stoli, huongezeka kwa kipeuo cha pili cha uwiano huo. Ndege inayoingia stoli kwenye noti 50 (noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa) ikiwa mabawa yako sawa itaingia kwenye noti 54 hivi ikilala nyuzi 30, karibu 60 ikilala nyuzi 45, na 71 ikilala nyuzi 60. Ona jinsi ongezeko lilivyo dogo mwanzoni na lilivyo kali baadaye, kwa maana jambo hilo litatufaa tutakapofika kwenye kona ya mwisho.

Sasa miguu. Unapozungusha usukani wa mikono kushoto, eleroni ya bawa la kulia, yaani kile kibao kinachosogea kwenye ukingo wa nyuma wa bawa, hushuka na ya kushoto hupanda. Bawa la kulia huinuka kwa sababu limeongezewa kani ya kuinua, lakini hewa haitoi kani hiyo bure: pamoja nayo huja ukinzani, na bawa linaloinuka hurudishwa nyuma kuliko lile linaloshuka. Matokeo yake ndege inalala kushoto huku pua ikigeukia kulia, kinyume kabisa cha ulichokusudia. Fanya jaribio hili ukiwa juu vya kutosha na mkufunzi akiwa pembeni: ondoa miguu kwenye pedali, chagua alama iliyo mbele kwenye upeo wa macho, kisha zungusha usukani kwa nguvu upande mmoja. Utaiona pua ikikimbilia upande wa pili, ikasita, ndipo ianze kufuata kona. Kazi ya kwanza ya usukani wa mkia ni kufuta huo mgeuko wa kinyume.

Usijione mzito wa kuelewa, maana tatizo hili liliwatoa jasho hata Wilbur na Orville Wright. Mwaka 1901, wakifanya majaribio ya glaida yao, yaani ndege isiyo na injini, karibu na Kitty Hawk, North Carolina, waliona kwamba wakiukunja upande mmoja wa mabawa ili kulaza chombo, wakati mwingine kiligeukia upande wa bawa lililo juu. Mwaka 1902 walifunga mapezi mawili ya wima mkiani, yasiyosogea. Hali ikawa nafuu, lakini shida nyingine ikazuka: glaida ikiteleza kuelekea bawa la chini, mapezi yaliigeuza pua upande huohuo, bawa la chini likazidi kupoteza kasi na kushuka, mpaka ncha yake ikachimba mchanga. Orville akapendekeza pezi liweze kusogezwa. Wilbur akapendekeza waya zake ziunganishwe na zile za kukunja mabawa, ili vyote vifanye kazi kwa mwendo mmoja wa rubani. Ilipofika mwaka 1905 waliutenganisha muungano huo na kumwachia rubani auongoze usukani wa mkia peke yake, na hiyo ndiyo hali unayoikuta leo chini ya miguu yako.

Ndege nyingi ndogo za leo zina eleroni zinazopanda zaidi ya zinavyoshuka, au zenye ukingo unaochomoza chini ya bawa pale zinapopanda ili ukinzani uongezeke upande wa ndani ya kona. Hatua hizo hupunguza mgeuko wa kinyume bila kuumaliza. Jambo moja wanafunzi husahau ni kwamba mgeuko huo hudumu hasa wakati eleroni zimesogezwa. Ukishafikia mlalo unaoutaka na kuurudisha usukani wa mikono katikati, sababu kubwa ya kukanyaga imekwisha. Hubaki shinikizo dogo tu. Nawaona wengi wanaoingia kwenye kona vizuri kabisa kisha wakaacha mguu umekaa palepale hadi mwisho. Kwa kufanya hivyo wanatoka kwenye kona yenye urari, yaani ile ambayo hewa haiipigi ndege ubavuni, na kuingia kwenye ile isiyo na urari bila kujua.

Hapo ndipo mpira unapokuja. Mpira ule ni kipande kizito ndani ya bomba la kioo lililopinda na kujazwa kimiminika ili usirukeruke. Huenda upande ambao uzito unaouhisi wewe mwenyewe kitini unaelekea. Katika kona yenye urari, jumla ya uzito wako na msukumo wa kona huelekea chini ya kiti moja kwa moja, hata kama ndege imelala nyuzi 60. Kwa hiyo mpira hukaa katikati, na wewe huhisi tu kwamba umekuwa mzito zaidi. Rubani wa Marekani Bob Hoover alikuwa akiwaonyesha watu jambo hili kwa namna isiyosahaulika: alimimina chai ya barafu kwenye glasi kwa mkono mmoja huku ndege yake ikibingirika mzunguko mzima, na chai ikaingia glasini, kwa kuwa aliiongoza ndege hivi kwamba muda wote uzito ulielekea sakafuni.

Mpira ukiondoka katikati, maana yake kuna kani inayoisukuma ndege ubavuni, na kani hiyo hutoka kwenye hewa inayolipiga bodi kwa pembeni. Kwenye kuteleza, pua imeelekea nje ya kona kuliko njia halisi ya ndege, hewa inagonga ubavu wa ndani na kuisukuma bodi kuelekea nje. Mpira, ambao hausukumwi na hewa, unabaki nyuma na kuonekana umeangukia ndani. Mlalo ni mkubwa kuliko mwendo wa kugeuka unavyohitaji. Kwenye kuserereka mambo hugeuka: pua imelazimishwa kuingia ndani, hewa inapiga ubavu wa nje, bodi inasukumwa ndani na mpira unakimbilia nje, na wewe pia unajikuta umeegemezwa mlango wa nje kama abiria wa matatu inayokata kona kwa kasi kwenye barabara tambarare. Kwa hali zote mbili dawa ni ileile aliyokupa mkufunzi: mpira uliko ndiko mguu ukanyage. Marubani wa glaida hutumia kipande cha uzi kilichobandikwa kwenye kioo cha mbele, na wao hukanyaga pedali ya upande usioelekewa na mkia wa uzi. Mimi nauona uzi huo kuwa kifaa bora, kwa sababu unaonyesha hewa yenyewe badala ya matokeo yake.

Kabla hatujafika kwenye hatari, ongeza jambo la propela, kwa kuwa kwenye Cessna 172 huzunguka kisaa ukiitazama kutoka kitini. Ukiwa unapanda kwa nguvu nyingi za injini na kasi ndogo, pua huvutwa kushoto, na usipokanyaga kulia mpira hukaa kulia muda wote. Kwenye kona ya kulia, kulia ni ndani, kwa hiyo uvivu wa mguu wako unazaa kuteleza. Kwenye kona ya kushoto, kulia ni nje, na uvivu uleule unazaa kuserereka. Ndiyo sababu mkufunzi anaweza kuonekana mkali zaidi mnapopanda mkielekea kushoto, ingawa kwa macho yako umefanya kilekile ulichofanya kulia.

Nije sasa kwenye kona ya mwisho. Picha ni hii: upepo unakusukuma kutoka nyuma ukiwa unaukaribia mstari wa njia ya kutua, unachelewa kugeuka, na unaona utaupita mstari huo. Umefundishwa kuogopa mlalo mkubwa karibu na ardhi, kwa hiyo hutaki kulala zaidi. Mguu wa ndani unajikuta unakanyaga ili kuikokota pua kuelekea njia. Pua inageuka kweli, na inaonekana umefanikiwa. Lakini angalia yanayofuata. Bawa la nje, likizungushwa na mgeuko huo, linaongeza kasi na kuinuka, na mlalo ambao uliuogopa unaanza kuongezeka wenyewe. Wewe unaupinga kwa kuzungusha usukani wa mikono kuelekea nje. Eleroni ya bawa la ndani inashuka. Wakati huohuo, kwa kuwa ndege imelala, usukani wa mkia unaivuta pua chini ya upeo wa macho, nawe unavuta usukani nyuma ili kuiinua. Sasa bawa la ndani ndilo lenye kasi ndogo zaidi, eleroni yake imeshuka, na pembe yake dhidi ya hewa imeongezwa kwa njia zote mbili na mikono yako mwenyewe. Linaingia stoli peke yake, kabla ya lile jingine, na kuanguka upande uleule ambao pua ilikuwa tayari inazungushwa. Ndege inapinduka kuelekea ndani na kuanza kuporomoka kwa kuzunguka, mahali ambapo kwa kawaida umebakiwa na futi 500 au 600 tu juu ya ardhi. Kimo hicho hakitoshi kuitoa.

Kuteleza kuna mpangilio tofauti. Mguu umekanyaga nje, usukani wa mikono umeelekea ndani, eleroni iliyoshuka ni ya bawa la nje, lile la juu. Ukizidisha hadi stoli, bawa lenye uwezekano mkubwa wa kushindwa kwanza ni hilo la juu, na likishuka ndege huelekea kwanza kunyooka kabla ya kupinduka upande wa pili. Sisemi kwamba ni salama kuingia stoli hivyo, ila unapewa sekunde ambazo kuserereka hakukupi. Hiyo ndiyo sababu mkufunzi wako hupima makosa haya kwa mizani miwili, na nakubaliana naye kabisa.

Kuna jambo jingine linalokuhusu wewe zaidi ya mwanafunzi wa pwani, na sijui kama umekwisha kulisikia darasani. Nusu kipenyo cha kona hutegemea mraba wa kasi halisi angani, wala si kasi inayosomeka kwenye saa. Wilson iko takriban futi 5,500 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi. Chukua kasi ya noti 70 kwenye saa na mlalo wa nyuzi 20. Mombasa, siku ya nyuzi joto 30, kasi halisi ni kama noti 72 na nusu kipenyo ni kama mita 380. Wilson, siku ya nyuzi joto 25, saa inaonyesha 70 ileile, lakini kasi halisi ni karibu noti 79 na nusu kipenyo kimefika kama mita 460. Kona imepanuka kwa moja ya tano, na hakuna kipimo chochote mbele yako kilichokuambia. Mtu aliyezoea kuanza kugeuka mahali fulani kwa kukadiria na macho ataupita mstari wa njia, na kishawishi cha kukanyaga mguu wa ndani kitamjia.

Tazama sasa ulichokuwa unakikwepa. Ili kurudisha kona hiyo ya Wilson kwenye upana wa Mombasa, unahitaji kuongeza mlalo kutoka nyuzi 20 hadi karibu 24 tu. Kasi ya stoli, ambayo kwa nyuzi 20 ilikuwa juu ya kawaida kwa asilimia 3 hivi, inakuwa juu kwa karibu asilimia 5. Hiyo ni noti moja. Kwa hofu ya noti moja mtu anaingia kwenye kuserereka kunakoweza kumuua. Kwa hiyo laza ndege zaidi kidogo na mpira ukiwa katikati, hadi ule mlalo wa juu kabisa aliokuruhusu mkufunzi, na kama hautoshi, acha mstari upite, nyoosha mabawa, ongeza nguvu za injini na uzunguke upya.

Kukosa urari si kosa kila mara. Kuteleza kwa makusudi, mguu ukiwa umekanyaga upande mmoja na eleroni upande wa pili huku ndege ikienda moja kwa moja, huugeuza ubavu wa bodi kuwa breki ya hewa, na hivyo unapoteza kimo bila kuongeza kasi. Tarehe 23 Julai 1983, Boeing 767 ya Air Canada iliishiwa mafuta angani nchini Kanada, kiini kikiwa mkanganyiko kati ya kilogramu na ratili wakati wa kuyapima. Nahodha Robert Pearson, ambaye pia alikuwa rubani wa glaida, alifika kwenye uwanja wa zamani wa jeshi la anga huko Gimli akiwa juu mno na hana injini ya kumwezesha kuzunguka na kurudi. Aliitelezesha ndege hiyo kubwa kama mtu anavyotelezesha glaida, akaishusha, akatua, na wote waliokuwamo wakanusurika. Kwenye Cessna 172, hata hivyo, kumbuka kwamba tundu la kupimia shinikizo tulivu la hewa liko ubavu wa kushoto pekee, hivyo kasi inayosomeka wakati wa kuteleza si ya kuaminika, na baadhi ya matoleo yana onyo la kuepuka kuteleza huku flapu, vile vibao vya nyuma ya bawa vinavyoshushwa wakati wa kutua, zimeshushwa. Soma kitabu cha ndege yako mwenyewe.

Ukija kurusha ndege kubwa za abiria utakuta miguu imetulia sakafuni muda mwingi wa safari. Hiyo haina maana kwamba sheria za hewa zimebadilika. Kuna mtambo unaosogeza usukani wa mkia wenyewe ili kuzima kuyumba kwa pua na kuleta urari kwenye kona, na vibao vya juu ya bawa la ndani huinuka kusaidia kulilaza, vikiongeza ukinzani upande unaotakiwa. Marubani wanaoanzia huko, bila kupitia ndege ndogo, hukosa shule ya miguu, na hilo huonekana siku injini moja inapozima.

Kuhusu mazoezi, omba mkufunzi akupandishe hadi kimo ambacho hata ukiharibu kuna nafasi ya kutosha. Elekeza pua kwenye kilele kimoja cha vilima vya Ngong. Laza ndege nyuzi 20 kushoto, kisha moja kwa moja nyuzi 20 kulia, kisha tena kushoto, bila kuiruhusu pua iondoke kwenye kilele hicho. Mara za kwanza pua itachora mviringo wa ovyo. Kosa la kawaida ni mguu kuufuata mkono kwa kuchelewa. Mkono na mguu vinapaswa kuanza pamoja na kuachia pamoja, na kadiri unavyozungusha usukani kwa haraka ndivyo mguu unavyohitaji kukanyaga zaidi. Usiutazame mpira wakati wote. Tazama kilele, sikiliza kiti kinakusukuma upande gani, kisha tupia mpira jicho ili kuthibitisha. Rudia mwendo huo ukipunguza kasi hatua kwa hatua hadi ile unayotumia kutua, kwa sababu kwenye kasi ndogo usukani wa mkia unakuwa mlegevu na mgeuko wa kinyume unakuwa mkali, na hiyo ndiyo hali utakayoikuta kwenye kona ya mwisho.